Kompyuta Imekuwa Bubu: Tutafute Kosa Kabla ya Kutoa Pesa



Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa vijiji vyetu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio moja. Redio ilipokosa sauti, somo la siku ile lilikuwa limekwisha. Leo vikundi vingine vinaizunguka kompyuta mpakato, ile inayofunikwa kama kitabu. Masomo ya kilimo, ya ufugaji na ya kuweka hesabu yamerekodiwa, yanaletwa kwa flashi, na wanakikundi wanasikiliza pamoja. Wapo pia wanaotumia hedifoni, yaani spika za masikioni, ili wasiwasumbue wenzao. Chombo kimebadilika, lakini shida ni ile ile. Kompyuta ikiwa bubu, kikundi kinatazamana.

Hapo ndipo pesa inapopotea. Mtu anaibeba mashine hadi mjini, analipa nauli, fundi anaigeuzageuza, anasema imekufa. Mwenye mali hana la kujibu, maana hajui kilichokufa ni kipi. Somo letu la leo si la kutufanya mafundi. Ni la kutuwezesha kujua kosa liko upande gani, ili tukifika kwa fundi tumweleze na tumwelewe.

Sauti inapita njia gani?

Fikiri juu ya bomba la maji la kijiji. Maji yanatoka kwenye tangi, yanapita kwenye mabomba, yanafika kwenye koki. Koki ikiwa kavu, hatufukui bomba lote. Tunakwenda kwenye koki ya jirani. Ya jirani ikitoa maji, basi tangi lina maji, na kosa liko kati ya njia panda na koki yetu.

Sauti ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Mwanzo kuna faili, yaani somo au wimbo wenyewe. Kuna programu inayolisoma faili hilo. Halafu kuna chipu ya sauti, kidude kidogo kilicholehemiwa kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa mashine. Chipu hii inageuza hesabu za kompyuta kuwa umeme wa sauti. Baada ya hapo ndiyo njia panda: upande mmoja unakwenda kwenye spika za ndani, upande wa pili unakwenda kwenye tundu la hedifoni.

Njia panda hiyo ina mlinzi, na huyu mlinzi ndiye anayetusumbua mara nyingi.

Ukichungulia ndani ya tundu la hedifoni kwa tochi utaona vibati vyembamba vinavyong'aa. Ni springi ndogo. Ukiingiza pini, vibati vinasukumwa na kuibana pini ili umeme upite. Lakini kimoja kina kazi nyingine. Hicho ni swichi. Katika redio za zamani, swichi hii ilikata kabisa waya wa kwenda kwenye spika. Ndiyo maana ulipochomeka kisikilizio, spika ya redio ilinyamaza. Katika kompyuta nyingi za siku hizi swichi haikati waya. Inapeleka taarifa tu kwenye chipu: "Kuna pini imeingia." Basi mashine yenyewe inafunga spika na kupeleka sauti kwenye tundu.

Sasa, mlinzi akitoa taarifa ya uongo itakuwaje? Vumbi likiingia, au kibati kikipinda, mashine inaweza kuamini kwamba hedifoni imo na kumbe haimo. Spika zinafungwa. Wewe unaongeza sauti hadi mwisho, wala husikii kitu. Spika ni nzima, chipu ni nzima, mazabodi ni nzima. Kilichoharibika ni kibati chembamba kama ukucha wa mtoto, au hata hicho hakikuharibika, kimechafuka tu.

Tuanze na yaliyo mepesi

Kabla ya kushika bisibisi, tazama kioo cha mashine. Pembeni chini kuna picha ndogo ya spika. Je, ina alama ya mkasi au msalaba? Basi sauti imefungwa. Kwenye safu ya juu ya vitufe vya kuandikia pia kuna kitufe chenye picha ya spika iliyokatwa. Mtoto akichezea hapo, mashine yote inakuwa bubu. Nimeona watu wazima wakikosana kwa ajili ya kitufe hicho kimoja.

Bofya ile picha ya spika, utaona sauti imeelekezwa wapi. Kama kuna spika ya Bluetooth ya jirani iliyowahi kuunganishwa na mashine yako, huenda somo lako linasikika nyumbani kwake. Kama mashine imeunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, huenda sauti imekwenda huko. Ichague upya spika ya ndani.

Kisha zima mashine kabisa na kuiwasha tena. Kuifunika siyo kuizima. Ikifunikwa inalala tu, na kosa la programu linalala pamoja nayo.

Ikiwa mashine yako ni ya zamani kidogo na ina matundu mawili yanayofanana, angalia picha zilizochorwa kando yake. Moja ni la hedifoni, jingine ni la maikrofoni. Pini inaingia sawasawa kwenye matundu yote mawili, lakini la maikrofoni halitoi sauti.

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, tafadhali tusome polepole. Mkulima anayetaka kujua kama mbolea fulani inafaa habadilishi mbegu, mbolea na shamba vyote kwa mpigo. Akifanya hivyo, hatajua mavuno yameletwa na nini. Na sisi tubadili kitu kimoja, tusikilize, ndipo tubadili kingine.

Chomeka hedifoni unayojua ni nzima. Utajuaje kuwa ni nzima? Ijaribu kwanza kwenye simu au redio yenye tundu. Sasa kama spika za ndani ziko kimya lakini hedifoni inasikika vizuri, umekwisha jua mengi. Faili ni zima, programu inafanya kazi, chipu inatoa sauti. Tangi lina maji! Kosa liko baada ya njia panda, upande wa spika. Ama mlinzi anadanganya, ama spika zimeungua, ama waya wake umechomoka.

Kuwatofautisha hao, chomoa hedifoni na utazame tena kwenye kioo. Kama bado mashine inaandika "Headphones", maana yake hedifoni, na hakuna kitu kwenye tundu, basi mlinzi amekwama. Kama inaandika "Speakers", yaani spika, na kile kimstari cha sauti kinapandapanda, zitazame spika zenyewe na waya wake. Mashine nyingine huandika maneno yote mawili pamoja. Katika hizo alama hii haisaidii.

Kinyume chake: spika zinasikika, hedifoni haisikiki. Kosa liko kwenye hedifoni au kwenye tundu. Jaribu hedifoni ya pili. Ikisikika, tupa ya kwanza au itengeneze. Zote mbili zikikataa, mtuhumiwa ni tundu.

Na kama pande zote ziko kimya? Hapo tunarudi nyuma kwenye programu na chipu. Kipo kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kina tundu lake la hedifoni na chipu yake ya sauti ndani. Ukikichomeka na sauti ikatoka, faili na programu ya kusikilizia ni nzima. Kilichobaki ni chipu ya mashine, au draiva yake, yaani ile programu inayoiendesha chipu. Draiva inaweza kuwekwa upya bila kufungua skrubu hata moja.

Fundi mwenye ujuzi ana njia nyingine ya kutenga kosa la programu na kosa la chuma. Anaiwasha mashine kwa kutumia flashi yenye mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu, bila kugusa Windows iliyomo ndani. Sauti ikitoka, chuma ni kizima na Windows ndiyo yenye kasoro. Muulize kama amefanya hivyo. Ni swali la haki kabisa.

Mfano wa kikundi

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wamenunua kompyuta mpakato iliyotumika, kwa hisa za wanachama. Siku moja kijana mmoja anaiazima kusikiliza muziki kwa hedifoni, mashine inaanguka kutoka mapajani. Kioo kizima, inawaka vizuri. Lakini kuanzia siku ile spika haziongei.

Katibu anaipeleka mjini. Fundi anaiwasha, anaongeza sauti, anatikisa kichwa. "Mama, hii mazabodi imekufa." Bei anayoitaja inakaribia nusu ya bei ya mashine yenyewe. Kulipa maana yake ni kwamba mwezi huo wanachama wawili watakosa mkopo wa mbegu.

Katibu anauliza: "Mwanangu, hiyo mazabodi umeipimaje?"

Kijana ananyamaza. Hakupima. Katibu anaomba hedifoni dukani hapo hapo, anajaribu kuichomeka. Pini inaingia nusu, inagonga kitu. Anamulika kwa tochi ya simu. Mwisho wa tundu kuna kitu kinang'aa. Ni ncha ya pini ya zamani! Ilikatikia ndani siku mashine ilipoanguka, na tangu siku hiyo inamsukuma mlinzi wa tundu usiku na mchana. Mashine ilikuwa inatii amri: hedifoni imo, funga spika.

Tazama, hakuna kilichokufa. Kumtoa yule mgeni tundu lote si kazi ya mazabodi mpya. Ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, na mara nyingi anaimaliza bila hata kubadilisha tundu.

Wapo wanaotoa ncha kama hiyo kwa kupaka gundi kali kwenye mrija wa kalamu na kuusukuma ndani hadi ishike. Inaweza kufaulu. Lakini gundi ikizidi tone moja inashika vibati, na hapo umelinunua tundu jipya. Mimi nashauri mpeni fundi aifungue mashine na kuisukuma ncha kutoka upande wa nyuma, ikiwa tundu lina uwazi huko.

Soma pini yako

Pini ya hedifoni ina unene wa milimita 3.5. Ndugu yake mkubwa, wa milimita 6.35, alitumika na waendesha simu tangu karne ya 19, walipokuwa wakiunganisha mazungumzo kwa kuchomeka waya kwenye ubao. Mpaka leo utamwona kwenye magitaa na vipaza sauti. Huyu mdogo alienea kwa redio ndogo za transista, na baada ya mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman, alijulikana dunia nzima.

Ishike pini yako uitazame. Ina mikanda myeusi. Yenye mikanda miwili ina sehemu tatu za chuma. Ncha ni sikio la kushoto, ya kati ni sikio la kulia, na ya nyuma kabisa ni njia ya kurudi ya masikio yote mawili. Yenye mikanda mitatu ina sehemu nne, kwa sababu imeongezwa njia ya maikrofoni, ili mtu aweze kuongea kwenye simu.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Ile njia ya kurudi ikikatika, hedifoni haifi. Inaendelea kutoa sauti, lakini sauti tupu, kama mtu aliye ndani ya pipa. Kwenye wimbo unasikia ala, mwimbaji amepotea. Kwa nini? Kwa sababu umeme ukikosa njia ya kurudi, unapita kutoka sikio moja kwenda la pili, na kinachosikika ni ile tofauti tu iliyopo baina ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida imerekodiwa sawasawa pande zote mbili. Kitu na kitu kinachofanana, tofauti yake ni sifuri. Anafutika.

Kwa masomo yetu hili ni baya zaidi. Mwalimu anayezungumza peke yake mara nyingi amerekodiwa sawasawa pande zote. Basi somo lote linaweza kuwa kimya huku nyimbo zinasikika. Watu wanasema, "Flashi imeharibika, somo limefutika," wanalifuta na kuliagiza tena kutoka wilayani. Kumbe ni waya mmoja.

Dalili hiyo hiyo hutokea pale pini ya sehemu nne inapochomekwa kwenye tundu lisilolingana nayo. Baadhi ya hedifoni za simu za zamani zimepangwa tofauti: njia ya kurudi na ya maikrofoni zimebadilishana nafasi. Ukibonyeza kitufe cha hedifoni na sauti ya mtu ikarudi ghafla, au ukiivuta pini nje kidogo ikarudi, usimlaumu fundi wala kompyuta. Tafuta hedifoni nyingine.

Waya za hedifoni hukatikia sana sehemu mbili, karibu na pini na pale waya unapogawanyika. Ukunje taratibu huku unasikiliza. Sauti ikija na kuondoka, umepapata. Lakini kama sauti inakuja na kuondoka unapoigusa pini yenyewe ndani ya tundu, na hedifoni mbili tofauti zinafanya vile vile, basi tundu limelegea. Ama vibati vimechoka, ama risasi iliyolilehemu imepasuka. Pini iliyochomekwa ni kama mpini wa jembe. Ukiugonga kwa nje kidogo tu, nguvu kubwa inakwenda kwenye shina. Ichomoe kila unapoibeba mashine.

Huna simu yenye tundu ya kujaribia? Tumia betri moja ya tochi, ya volti 1.5. Usivae hedifoni masikioni. Gusisha upande mmoja wa betri kwenye sehemu ya nyuma ya pini, na upande wa pili, kwa kipande cha waya, kwenye ncha. Gusa mara moja na kuachia. Ukisikia "kwaru", sikio la kushoto ni zima. Kisha gusa sehemu ya chuma inayofuata kwa sikio la kulia. Kwa pini ya sehemu nne, njia ya kurudi kwa kawaida ni sehemu ya tatu kutoka nchani. Mwenye mita asome omu: hedifoni nyingi ndogo husoma karibu na 16 au 32, na spika za ndani za kompyuta karibu na 4 au 8. Mita isiposogea kabisa, njia imekatika.

Kusafisha tundu

Zima mashine. Chomoa chaji. Kama betri inatoka, itoe. Inamisha mashine ili tundu litazame chini, ulipulize kwa pampu ndogo ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Nyuzi za nguo na vumbi la mahindi vikiwa vimeshikamana, tumia kijiti laini cha mbao, ukizungushe bila kusukuma. Sindano na pini za chuma zinapinda vibati, tena pakiwa na umeme zinaweza kuunguza.

Uchafu wa kutu na chai ya maziwa hautoki kwa hewa. Hapo inatakiwa alkoholi ya isopropili, inayouzwa na wauza vifaa vya umeme. Lowesha pini ya zamani kidogo tu, iingize na kuichomoa mara kumi hivi, kisha acha tundu likauke vizuri kabla ya kuwasha. Petroli, mafuta ya taa na mafuta ya kupikia hapana. Mara nyingi kule kuingiza na kuchomoa peke yake kunamzindua mlinzi aliyekwama, kwa hiyo lijaribu hilo hata kabla ya kununua alkoholi.

Ukifika kwa fundi

Mweleze ulichojaribu, kwa mpangilio. "Fundi, hedifoni inasikika, spika kimya, nimesafisha tundu, kioo bado kinaandika hedifoni." Fundi mzuri atafurahi, umemwokolea saa nzima. Muulize tundu la mashine yako liko wapi. Katika mashine nyingi liko kwenye ubao mdogo wa pembeni, pamoja na tundu la USB, nao umeunganishwa na mazabodi kwa waya bapa. Ubao huo hubadilishwa kwa skrubu chache. Katika nyingine tundu limelehemiwa kwenye mazabodi yenyewe. Hapo kazi ni ya kulehemu, lakini bado ni tundu linalobadilishwa, siyo mazabodi nzima. Omba urudishiwe kilichotolewa.

Na ikiwa chipu ya sauti kweli imekufa, kile kifaa kidogo cha USB tulichokijaribia kinaweza kubaki hapo hapo kikafanya kazi yake. Spika ya nje inachomekwa kwake, darasa linaendelea. Hakipendezi kwa macho, lakini hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mazabodi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Hedifoni ya mwanakikundi inatoa ngoma na gitaa, lakini somo la ufugaji wa kuku halisikiki kabisa. Spika za ndani zinalisoma vizuri. Je, flashi imeharibika? Eleza.

2. Umechomeka hedifoni, unasikia masikioni, na spika za mashine nazo bado zinapiga kelele. Mlinzi wa tundu amefanya nini? Utajaribu nini kwanza?

3. Fundi anataka kubadilisha mazabodi. Hedifoni inasikika kwenye mashine hiyo. Mtamwuliza nini?